Kinyago na Bakuli la Peremende



Kila mwaka, usiku wa tarehe 31 Oktoba, katika miji mingi ya Marekani na Kanada, huonekana jambo ambalo mgeni akiliona kwa mara ya kwanza hustaajabu. Watoto waliovaa vinyago na mavazi ya mizuka, ya wanyama au ya mashujaa wa hadithi, hutoka makundi kwa makundi na kwenda nyumba hadi nyumba mtaani mwao. Wagongapo mlango husema maneno yaliyozoeleka, ambayo maana yake ni kwamba mwenye nyumba achague: ama atoe kitu kitamu, ama afanyiwe mzaha. Mwenye nyumba naye huwa amekwisha nunua peremende, akawasha taa ya barazani kuwa ishara ya kwamba hodi zinapokewa. Asiyetaka wageni huizima taa yake akakaa kimya ndani, na watoto hupita bila kumsumbua. Usiku huo huitwa Halloween, yaani mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Wakristo wengi huiadhimisha tarehe 1 Novemba.

Si nia yetu kumcheka aifuataye desturi hii, wala kumsifu. Tunataka kuitumia ili kulichungua swali moja linalomhusu kila mwanadamu popote alipo: Je, mtu ni nani wakati hakuna amjuaye?

Hapo kale desturi hii haikuwa ya kupokea tu. Katika Uingereza maskini walipita milangoni siku za kuwakumbuka wafu, wakapewa mikate midogo, nao wakawaombea wafu wa nyumba ile. Katika Ayalandi na Uskoti watoto waliojigeuza sura walipaswa kwanza kuimba au kukariri neno, ndipo wakapewa. Ilikuwa ni kama wasemavyo wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahamiaji waliivusha bahari desturi hiyo, na huko Marekani sehemu ya mgeni ikapungua pole pole, hata siku hizi aghalabu yatosha kusimama mlangoni. Na ziko nyumba ambazo hata mwenyeji hatokei. Huweka barazani bakuli lililojaa peremende, pamoja na karatasi iliyoandikwa: "Chukua moja." Basi hapo uso wa mtoto umefichwa na kinyago, na uso wa mwenyeji umefichwa na mlango. Kati yao limebaki bakuli peke yake.

Swali la bakuli hilo ni la zamani sana. Plato, mwanafalsafa wa Kiyunani, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, ameeleza kisa cha mchungaji wa nchi ya Lydia aliyeokota pete ya ajabu. Kila alipoigeuza kidoleni hakuonekana tena na mtu. Haukupita muda akamwua mfalme na kujitwalia ufalme. Na mmoja wa wazungumzaji katika kitabu hicho anadai kwamba mwema na mwovu, wote wawili wakipewa pete kama hiyo, watafanya mambo yale yale. Maana hakuna aliye mwadilifu kwa hiari yake, bali watu huogopa kuonekana tu. Je, dai hilo ni kweli?

Mwaka 1976 wataalamu wa elimu ya nafsi walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya usiku wa Halloween katika nyumba 27 za mji wa Seattle. Watoto zaidi ya 1,300 walikuja kugonga. Mwanamke aliwakaribisha, akawaambia kila mmoja achukue peremende moja tu, kisha akaingia chumba kingine. Hawakujua kwamba mtu aliyejificha anawatazama. Baadhi yao waliulizwa kwanza majina yao na mahali wakaapo. Wengine hawakuulizwa neno. Miongoni mwa waliokuja peke yao na kutaja majina, waliochukua wasichoruhusiwa hawakufika 8 katika kila 100. Waliokuja peke yao bila kuulizwa jina walikuwa kiasi cha 21 katika 100, na karibu hivyo hivyo waliokuja kwa kundi wakataja majina. Lakini waliokuwa katika kundi, na majina yao hayajulikani, walifika 57 katika 100.

Tazama, msomaji mpendwa! Watoto walikuwa ni wa mji mmoja, usiku mmoja, na peremende ni zile zile. Kilichobadilika ni mambo mawili tu: jina na kundi.

Hapa huenda ukauliza: Ikiwa mtoto anaacha kuiba kwa sababu ametaja jina lake, uaminifu huo una thamani gani? Je, si woga tu? Swali hili ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Lakini fikiri: mwanamke yule hakumtisha mtoto kwa adhabu yo yote, na tena aliondoka. Jina halikumletea mtoto askari; lilimrudishia nafsi yake mwenyewe. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 1979 unaunga mkono jambo hili. Watafiti waliweka kioo nyuma ya bakuli, hata anayenyosha mkono ajione. Watoto, na hasa wale wakubwa waliokwisha ulizwa majina, walipunguza kuchukua kupita haki yao. Kioo hakishtaki wala hakipigi. Humwonyesha mtu nani anyoshaye mkono, basi.

Tena, tusiwasahau wale 43. Katika kila watoto 100 waliokuwa na kinyago, gizani, katikati ya wenzao, bila jina, watoto 43 walichukua haki yao tu. Labda mmoja wao alikwisha shiba, na mwingine hakuipenda peremende ile. Lakini hatuwezi kusema hivyo juu ya wote. Hao wamevaa pete ya yule mchungaji, wala hawakuua mfalme. Dai la kwamba hakuna mwema kwa hiari limeshindwa na watoto wa mitaani.

Watu wazima nao wana vinyago vyao. Kwa miaka mingi wazazi wa Marekani wamekuwa wakiogopa kwamba mgeni fulani, mwovu asiyejulikana, atawapa watoto peremende zenye sumu. Mtaalamu Joel Best amechungua habari za namna hiyo tangu mwaka 1958, wala hakupata hata kisa kimoja kilichothibitika cha mtoto aliyeuawa na mgeni kwa njia hiyo. Lakini mwaka 1974, huko Texas, mtoto wa miaka 8 alikufa kweli kwa peremende yenye sumu. Mahakama ilithibitisha kwamba aliyemwua ni baba yake mzazi, kwa tamaa ya fedha za bima. Kinyago alichovaa baba yule hakikuwa cha karatasi. Alijificha nyuma ya hofu ya watu juu ya mgeni, akitumaini kwamba lawama itamwangukia jirani asiyejulikana. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi, ndugu msomaji, tunajifunza nini? Kwanza, tusijivunie wema ambao haujapata kujaribiwa gizani. Anayeandika barua bila jina, anayepiga kelele katikati ya umati, mtumishi anayehesabu fedha za watu peke yake baada ya wenzake kuondoka: wote hao wamesimama mbele ya bakuli lile. Mwenye kumwamini Mungu hujua kwamba hapana usiku usio na Shahidi. Na asiyeamini bado hawezi kuikimbia nafsi yake.

Pili, yatupasa kuwasaidia wengine wawe wema. Anayeliacha bakuli barazani na kufunga mlango hudhani ametoa zawadi kamili, kumbe ameizuia sehemu iliyo bora. Afadhali atoe peremende chache kwa mkono wake, amtazame mtoto, na kumwuliza: "Jina lako nani, mwanangu?" Swali hilo halimgharimu kitu. Na mtoto akilijibu, huondoka akiwa amekumbushwa kwamba chini ya kinyago yupo mtu, na kwamba mtu huyo anajulikana katika mtaa wake.