Blanketi Moja

Nimekulia Mazingara, Handeni, ambako mtu akionekana anaota jua tunamuuliza kama ana malaria. Kwa hiyo mwezi wa saba mmoja, mjomba wangu, dereva wa lori, aliponichukua kuwa utingo wake kwenda Njombe kufuata viazi, akaniambia, "Beba koti na blanketi, kule siyo kwenu," nilicheka. Nikapanda na fulana mbili na kandambili.

Lori ndiyo ilikuwa nyumba yetu: kitanda chembamba nyuma ya viti, sufuria, dumu la maji, jiko la mkaa. Chalinze joto, Morogoro joto. Mikumi bado nilikuwa nimetoa mkono dirishani. Tulipomaliza kupanda Kitonga, nikaurudisha ndani. Hesabu yake ni rahisi: kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoteza nyuzi kama 6 za joto, na mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Tulifika usiku. Mzigo ungepakiwa asubuhi, basi tukalala garini. Baridi ilitokea kwenye bati la sakafu ikaniingia nyayoni. Vioo vikatoa jasho kwa ndani. Nikasema tuingize jiko, mkaa bado ulikuwa mwekundu. Mjomba aling'aka: "Unataka watukute tumekauka?" Alikuwa sahihi. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, unasinzia, huamki. Aliumwaga mkaa nje, kisha akaacha kioo wazi upana wa kidole.

Likabaki blanketi moja, lake.

Sote tunaijua methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiku ule niliigeuza kichwani mara nyingi nikaona ina upungufu. Inatuambia guu litavunjika. Haituambii huyo mkuu afanye nini likishavunjika. Apite zake? Alibebe? Akilibeba, je, si atakuwa amelifundisha kutosikia? Na mjomba hakuwa na haki tu ya kulilalia blanketi lake, alikuwa na wajibu pia. Kesho yake angeshuka Kitonga na lori lililojaa. Dereva asiyelala anaweza kuua watu ambao hawakukataa kubeba koti.

Alinirushia blanketi. Hakusema "nilikwambia". Saa nane usiku akanigusa bega: "Haya, zamu yangu. Kesho nina Kitonga." Nikampa. Nikakaa hadi alfajiri nimejikunyata ndani ya gunia la viazi, nikitetemeka, nikimsikiliza anavyokoroma.

Kwa muda mrefu niliuita huo ukarimu nusu. Siku hizi naona ulikuwa mzima. Hakunifuta kosa langu, wala hakuniacha nalo peke yangu. Sehemu ya baridi yangu aliichukua yeye, kwa kiasi ambacho watu wa barabarani wangeweza kukivumilia. Sehemu iliyobaki ilikuwa yangu.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo linanisumbua.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa mimi kwenye usukani, na utingo wangu kijana wa Korogwe. Nilimwambia abebe koti. Akaja na kandambili. Tukalala Njombe, mwezi wa saba tena, na safari hii nilikuwa na blanketi mbili. Nilimsikia meno yakigongana gizani. Blanketi la pili lilikuwa chini ya kichwa changu, nimelifanya mto.

Nilimpa. Lakini kwanza nilisubiri, kama robo saa hivi. Nikijiambia, ajifunze kidogo.

Ajifunze nini? Baridi ilikwisha kumfundisha tangu tulipofika. Mjomba alichelewesha joto langu kwa sababu alilihitaji ili aendeshe salama. Mimi sikuhitaji chochote, zaidi ya kusikia kwamba nilikuwa sahihi. Kwa nje tulifanya jambo moja: mtu mzima kampa kijana blanketi. Kijana alishukuru sana, hata akaniita mjomba.

Sikumwambia kuhusu ile robo saa. Leo naiandika hapa.