Saa Mbili za Ijumaa

Kijana aliomba saa mbili tu kwa wiki. Ilikuwa 2018, ofisi ndogo ya programu Kariakoo, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Alitaka kila Ijumaa baada ya swala, saa nane hadi saa kumi, yeye na wenzake wajifunze Python 3. Mfumo wetu wa mikopo ya SACCOS ulikuwa wa Python 2, na wenye lugha hiyo walishatangaza tangu 2014 kwamba 2020 wanaacha kuihudumia.

“Soma usiku nyumbani, mdogo wangu,” nikamjibu. “Hapa mteja anasubiri.”

Usiku upi? Alikaa Mbagala. Kwa foleni ya Barabara ya Kilwa na kugombania daladala, alifika kwake saa mbili na nusu, hoi. Nilijua.

Akanitajia Google: waasisi wake waliandika katika barua ya 2004 kwamba wanawahimiza wafanyakazi watenge asilimia 20 ya muda wao kwa yale wanayoona wenyewe yataifaidi Google zaidi. Nikacheka, sisi si Google. Kweli, hatukuwa. Ila saa mbili katika wiki ya saa 45 hazifiki hata asilimia 5.

Mwaka uliofuata akaacha kazi. Aliaga vizuri.

Januari 2020 ikaingia, kukawa kimya. Programu iliyokosa huduma haizimiki, inaamka kesho yake kama kawaida, na mimi nikajiona mjanja. Miezi ikapita, mteja akataka mfumo uhamishiwe Python 3, akatupa wiki mbili. Vijana waliobaki hawakuijua Python 3. Walirekebisha yaliyopiga kelele, kama print zisizo na mabano, wakayaacha yaliyonyamaza.

Lililonyamaza lilikuwa mkwaju, alama ya kugawanya. Katika Python 2, ukigawanya 7 kwa 2 unapata 3, mkia unakatwa. Python 3 inakupa 3.5. Alama ni ileile, wala haitoi onyo. Mfumo wetu mzima ulizoea mkia ukatwe.

Asubuhi ya kwanza ya mfumo mpya pale SACCOS, mama mmoja akaja na karatasi yake. Mkopo wa dharura, shilingi 100,000 kwa miezi mitatu. Rejesho la mwezi: 33333.333, na tatu nyingine zimefululiza hadi ukingoni mwa karatasi.

“Mwanangu,” akasema, “hizi senti nazitoa wapi?”

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika ngazini.

Tukaenda kumwomba yule kijana kwa mwajiri wake mpya, kwa malipo ya siku. Kosa alilikuta chai yake haijapoa, lakini kusafisha hesabu zilizokwisha kuharibika kulichukua siku tisa, na bei yake ya siku moja ilizidi mshahara niliokuwa nikimlipa kwa wiki. Ijumaa alifanya kazi hadi saa saba na nusu, akafunga kompyuta. Kuanzia saa nane, aliniambia, ofisini kwao wanasoma.