Je, Pasipo Shahada Hakuna Riziki?

Liko swali liulizwalo siku hizi katika barza zetu za pwani, na majawabu yake ni ya haraka mno: kijana asiye na shahada ya chuo kikuu, je, aweza kufanikiwa katika kazi? Wengine husema haiwezekani. Wengine hucheka, wakataja matajiri wasiojua hata kutia sahihi. Sisi twawaomba wasomaji wetu walitazame jambo hili kutoka Isiolo, mji wa ndugu zetu wa kaskazini ya Kenya.

Huko wako akina mama, baadhi yao katika chama cha ushirika cha Anolei, wakusanyao maziwa ya ngamia kwa wafugaji na kuyapeleka kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Biashara hii haimwulizi mtu shahada. Humwuliza kama ayatambua maziwa yaliyoanza kuharibika kabla hayajachanganywa na mazima, na kama mfugaji amwamini kwa hesabu. Hiyo nayo ni ilimu, ijapokuwa haina karatasi.

Lakini tusiharakie kushangilia. Ngamia akiugua, mwenye kuitwa ni daktari wa mifugo, na udaktari haupatikani sokoni. Na sheria ya uchaguzi ya Kenya ya mwaka 2011 yamtaka gavana awe na shahada; basi mji usiosomesha watoto wake huwa na wachache mno wa kuwachagua.

Tena lipo lililo zito zaidi. Isiolo ilikuwa makao ya utawala wa jimbo la mpaka wa kaskazini, nchi ambayo mkoloni aliifunga kwa sheria, khasa ile ya mwaka 1934, haingiliki wala haitokeki ila kwa ruhusa. Mwisho wa mwaka 1963, uhuru ulipofika, ikatiwa katika hali ya hatari isiyoondolewa hata mwaka 1991. Skuli zilikuwa chache. Kumwambia mtoto wa nchi hiyo kwamba shahada si lazima ni kumnyima tena, kwa jina la hekima, kile alichonyimwa babu yake kwa jina la amani. Na wasemao hivyo, mara nyingi, wana wao wenyewe wako vyuoni!

Aliyeacha chuo kwa kuwa ameona kazi nyengine imfaayo, hatuna la kumlaumu. Aliyefungiwa mlango atudai. Ama mzee auzaye ngamia wake wa mwisho ili mwanawe apate shahada, yoyote ile, maadamu ni shahada, huyo tungependa kumwuliza kabla hajafika mnadani: mwanao mwenyewe ataka kufanya kazi gani?