Je, Ni Halali Kumziba Shahidi Kinywa?

Mwezi huu twaleta mbele yenu swali ambalo mwanzoni tulidhani ni la mafundi wa magari peke yao, lakini kadiri tulivyolizungumza ndivyo lilivyotugusa sisi sote. Swali lenyewe ni hili: taa ya onyo inapowaka katika gari, nasi hatuna fedha ya matengenezo, je, ni halali kuitoa taa ile na kuendelea kana kwamba hakuna neno?

Habari ilianza hivi. Gari la parishi yetu, ambalo lilinunuliwa likiwa limekwisha kutumika Japani, lilirudi kutoka vijiji vya upande wa Mvumi limejaa vumbi, na taa ya manjano yenye herufi ABS ikiwaka mbele ya dereva. Wakati huo halmashauri ilikuwa imekwisha kuamua kuliuza, ili tupate mabati ya kanisa la mtaa mmoja ambalo paa lake liliezuliwa na upepo. Mnunuzi alikwisha kupatikana, naye ni mfanyabiashara wa alizeti anayesafiri kila juma kati ya Kondoa na Dodoma, mara nyingi pamoja na mkewe na watoto.

Fundi wa kwanza alilitazama gari kwa muda mfupi tu, akasema, "Wazee wangu, msihangaike. Breki zenu ni nzima. Naichomoa hii balbu, na mnunuzi hataona kitu." Twakiri ya kuwa wengi wetu tulifurahi. Mmoja wetu alisema, "Wala hatutasema uongo. Hatutasema lolote." Ndipo mama mmoja mzee, ambaye hajapata kushika usukani maishani mwake, akauliza, "Hiyo taa, wanangu, iliwekwa imwambie nani?" Hatukuwa na jibu. Kikao kikafungwa bila uamuzi.

Kabla ya kumjibu mama yule, yafaa tujue taa hiyo husema nini hasa. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu kwa kumwogopa mbuzi au mtoto aliyeingia barabarani, magurudumu yaweza kufunga kabisa yakawa yanaburuzika. Gurudumu linaloburuzika halifuati usukani tena. Hata dereva akikata kushoto, gari laenda mbele tu. Ndege zilikuwa za kwanza kupewa dawa ya jambo hili. Kwa magari, mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa elektroniki, ukafungwa katika gari la Mercedes-Benz, na leo umeenea hata katika magari madogo tunayoyaona mjini Dodoma.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Karibu na gurudumu kuna sensa ndogo, nayo hutazama pete yenye meno inayozunguka pamoja na gurudumu. Sensa huhesabu meno yanavyopita na kupeleka habari kwa kompyuta ya gari. Kompyuta ikiona gurudumu moja lataka kusimama ghafula kuliko mengine, huilegeza breki yake na kuishika tena, mara nyingi katika sekunde moja. Ndiyo sababu dereva huona pedali ikitetemeka chini ya mguu. Kompyuta ikikosa habari ya kuaminika, hujiondoa katika kazi hiyo na kuwasha taa ya manjano.

Basi na tuwe wa haki kwa fundi yule. Taa ya manjano ikiwaka peke yake, breki za kawaida kwa desturi hubaki. Magari ya baba zetu hayakuwa na ABS, nao walifika Singida na Iringa. Tena katika mchanga na changarawe gari lenye ABS laweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama, kwa kuwa gurudumu lililofunga hukusanya udongo mbele yake ukalizuia. Faida inayobaki ni kwamba dereva aweza bado kukwepa. Lakini kama taa nyekundu ya breki nayo inawaka, hali breki ya mkono imekwisha kuachiliwa, hilo ni shauri jingine kabisa. Hapo simama, tazama mafuta ya breki, wala usiendelee na safari mpaka gari likaguliwe.

Kama breki ni nzima, kosa liko wapi? Twaona liko hapa. Dereva aonaye taa imewaka hupunguza mwendo, huacha nafasi kubwa mbele yake, wala hakanyagi breki kwa pupa penye mvua. Kasoro ya gari ni ileile, lakini ujuzi wake wamlinda. Mwingine ambaye taa imetolewa asijue, atakwenda kwa kuamini kitu ambacho hakipo. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na magari hupita Kondoa kwa kasi ambayo zamani haikuwezekana. Kwa hiyo fundi yule hakutaka kuharibu kitu katika gari. Alitaka kumwondolea dereva ujuzi ule uliokuwa kinga yake.

Sisi wa mkoa huu hatupaswi kuambiwa mara mbili habari za breki. Tarehe 24 Juni 2002, hapa Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Hatuilinganishi taa yetu na msiba ule, wala hatumhukumu mtu. Twakumbusha jambo moja tu: aliyepanda chombo hana njia ya kuziona breki. Humtegemea mwenzake anayejua, naye amekabidhi uhai wake kwa neno la mtu huyo.

Turudi kwenye hoja ya mwenzetu, kwamba kunyamaza si kusema uongo. Mara nyingi ni kweli. Hatuna wajibu wa kumwambia kila mtu kila tunalolijua, na mnunuzi naye ana macho ya kukagua. Lakini fikirini: iko tofauti kati ya mtu anyamazaye na mtu ambaye kwanza amemziba kinywa shahidi aliyekuwa tayari kusema, kisha akanyamaza. Mnunuzi angalikagua gari kwa macho yake, na taa ingalimwambia. Sisi ndio tungalikuwa tumemnyang'anya macho hayo. Tangu utoto tumefundishwa amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, nasi hudhani yahusu maneno ya mdomo tu. Hata balbu iliyochomolewa hutoa ushahidi; husema, "Hapa hakuna tatizo," nayo husema hivyo kwa kila dereva atakayefuata, miaka mingi baada ya sisi kuzisahau fedha zile.

Wengine huenda mbali zaidi. Hawaichomoi balbu, bali huunganisha waya wake na wa taa nyingine, kusudi iwake ufunguo unapozungushwa na kuzimika kama desturi. Wengine hufuta kumbukumbu ya kompyuta asubuhi ya mauzo, nayo taa hurudi baada ya magurudumu kuzunguka kidogo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kununua gari, washa ufunguo kabla ya kuwasha injini, uzitazame taa zote. Ile ya ABS lazima iwake, kisha izimike yenyewe baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, uliza. Ikizimika sawasawa na taa nyingine kana kwamba zimefungwa kamba moja, uliza pia. Kisha liendeshe gari mwendo wa kutosha kabla ya kutoa fedha.

Yuko atakayesema, "Haya ni maneno ya wenye fedha." Hoja hii ni nzito, nasi hatuwezi kuipita hivihivi, maana parishi yetu si tajiri. Twajibu kwamba kuishi na kasoro si dhambi. Mtu asiye na fedha aweza kuliendesha gari lake taa ikiwaka, kwa mwendo wa taratibu, akiwaambia anaowabeba, hata siku atakapopata fedha. Umaskini waweza kutulazimisha kuchelewa kutengeneza. Hautulazimishi kuficha.

Lakini shahidi asiyezibwa kinywa yafaa pia asikilizwe vizuri, na hapa tulijifunza kwa fundi wa pili. Kwanza alitazama vitu visivyo na gharama: fyuzi, nguvu ya betri, kiasi cha mafuta ya breki, na kama matairi yote manne ni ya kipimo kimoja, kwa maana tairi lililo dogo huzunguka haraka kuliko wenzake na kuichanganya kompyuta. Kisha akaleta mashine ya kusoma kompyuta ya breki. Mashine nyingi za bei nafuu husoma injini tu. Mashine ikataja sensa ya gurudumu la mbele kushoto. Sisi tukataka kununua sensa mpya mara moja. Akasema, "Ngojeni, wazee. Mashine imesema malalamiko yametoka wapi. Haijasema mwenye kosa ni nani."

Neno hilo lilitukumbusha baraza la wazee, ambapo mshtaki husikilizwa, lakini hukumu haitolewi kabla ya kwenda kuona shamba lenyewe. Fundi alipiga jeki, akatoa tairi, akaufuata waya kwa vidole tangu mwanzo hata mwisho. Akaipima sensa na kuilinganisha na mwenzake wa upande wa pili, ilikuwa nzima. Ncha yake ilikuwa imevaa unga wa chuma uliochanganyika na vumbi, kwa kuwa ina sumaku. Akaisafisha, akairudisha, akalijaribu gari. Taa ikazimika. Tulimshukuru Mungu, tukaona mauzo yamenyooka.

Baada ya majuma matatu, mnunuzi akiwa bado anakusanya fedha, taa ilirudi. Safari hii dereva alitueleza kuwa kabla haijawaka, pedali ilikuwa ikitetemeka kila alipokaribia kusimama, hata penye lami kavu na mwendo mdogo. Fundi alijua mara moja. Aliizungusha ile pete ya meno polepole akatuonyesha ufa. Penye ufa meno yameachana, na kompyuta hudhani gurudumu limesitasita. Pete ile haikuuzwa peke yake. Ilitubidi kununua ekseli yake nzima, na fedha hiyo hatukuwa nayo.

Tulikaa tena kikao. Hakuna aliyetaja kuchomoa balbu. Tulimwita mnunuzi, tukawasha ufunguo mbele yake, tukamwonyesha taa na ufa. Alinyamaza kitambo, akapunguza bei, akalichukua gari kwa ahadi ya kuifunga ekseli nyingine. Fedha tulizopokea hazikutosha mabati yote. Upande mmoja wa kanisa la mtaa ule bado umefunikwa turubai, na ndugu zetu wa kule wana haki ya kuuliza kwa nini. Hatuna la kuwaambia ila hili, kwamba paa lile lingalikamilika kwa fedha ya mtu aliyefumbwa macho, naye angalipita Kondoa usiku na watoto wake akiamini breki tulizomsingizia.

Sasa twaweza kumjibu mama yetu. Taa ile haikuwekwa ituambie sisi tu. Iliwekwa imwambie kila atakayekaa katika kiti kile baada yetu, ambaye hatumjui jina, wala hatutakuwapo kumwonya. Kama kipo kitu katika nyumba zetu, katika biashara zetu au katika hesabu za kanisa, ambacho tumekizima ili kisionekane, na tujiulize swali lake hilohilo: kiliwekwa kimwambie nani? Na kama mtu huyo bado yuko njiani, hatujachelewa kumwita tukamwonyesha.