Nani Alikusikia Ukisema?

Somo: Yohana 4:5-30, Malaki 2:14, Luka 14:28-30



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu nikiwa nimesimama. Aliniambia, "Pasta, mimi na mama watoto tumekaa pamoja miaka sita. Hatupigani, sijawahi kuwa na mwingine, na Mungu anajua moyo wangu. Sasa harusi itaongeza nini?"

Nilimwambia aje ofisini Jumatano. Nilipofika nyumbani sikula vizuri, kwa sababu swali lake lilinikumbusha jambo ambalo nimelibeba kwa miaka kadhaa. Leo nataka niliseme, halafu tulitafakari pamoja.

Kosa langu

Nilipoanza utumishi, nilipewa kusimamia timu ya sifa. Kulikuwa na dada aliyeimba vizuri sana, na nikaja kujua kwamba anakaa na mwanamume ambaye hawajafunga ndoa. Ni zile tunaziita njoo-tukae. Nikamwondoa kwenye timu. Nilifuata utaratibu wa kanisa, nikamwandikia barua, na nikaona nimefanya kazi ya Mungu. Yule mwanamume pia alikuwa akija ibadani, tena alikuwa anatusaidia na vyombo vya sauti. Yeye sikumwita. Sikumuuliza swali hata moja.

Baadaye yule mwanamume alikufa kwa ajali ya barabarani. Nilienda kwenye mkutano wa matanga. Watu wa upande wa marehemu walimtazama yule dada, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine amemshika sketi, wakamuuliza, "Wewe ni nani hapa?" Alinitazama mimi. Nami sikuwa na la kusema. Nilijua kila kitu kuhusu dhambi yao, lakini sikuwahi kusikia neno lolote kutoka kwa yule mwanamume kwamba huyu ni mke wake. Hakuna aliyekuwa amesikia. Godoro, sufuria na televisheni vilibebwa juma hilo hilo.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: hawa wawili walikosa kitu gani hasa? Ni hema na keki? Ni cheti? Au ni nini?

Mjomba wangu Mkatoliki

Upande wa mama yangu ni Wakatoliki, na mjomba wangu amekuwa katekista miaka mingi. Nilimwendea na hilo swali. Najua wengine wenu mtashangaa pasta wa Kipentekosti anaenda kuuliza Wakatoliki. Wapendwa, kuna mambo hatukubaliani, na nitayasema. Lakini wao wamelifikiria jambo hili kwa karne nyingi kuliko sisi.

Mjomba alicheka, akasema, "Kijana wangu, nyinyi mnafikiri pasta ndiye anayeoza watu. Sisi hatufundishi hivyo. Wanaooana ndio wanaooana. Padre ni shahidi."

Nilifikiri ananitania, nikaenda kusoma. Ni kweli. Sheria ya Kanoni ya mwaka 1983, kifungu cha 1057, inasema kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili, na hakuna mtu mwingine anayeweza kuitoa kwa niaba yao. Kifungu cha 1108 kinataka ridhaa hiyo itolewe mbele ya mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili. Halafu kifungu cha 1116 kikanishangaza zaidi: mahali ambapo padre hawezi kufikiwa bila taabu kubwa, kukiwa na hatari ya kifo au ikionekana hali hiyo itaendelea kwa mwezi mzima, Wakatoliki wawili wanaweza kufunga ndoa halali mbele ya mashahidi wawili peke yao. Padre anaweza kukosekana. Mashahidi hawakosekani.

Hapo yule kijana wa mlangoni angeruka aseme, "Si unaona! Ridhaa ndiyo ndoa, na mimi nimeridhia moyoni!"

Polepole. Kanisa Katoliki lenyewe lilipitia njia hiyo, na historia yake inatufundisha.

Mtaguso wa Trento ulichokiona

Kwa karne nyingi, mwanamume na mwanamke waliopeana neno wakiwa peke yao, bila padre na bila shahidi, walihesabiwa na Kanisa kuwa wameoana kweli. Kanisa lilikataza ndoa hizo za siri na kuziita dhambi, lakini halikusema si ndoa. Shida ikawa nini? Mwanamume alimpa msichana neno gizani, wakakaa pamoja. Akichoka, anaenda kumwoa mwingine mchana kweupe, kanisani, watu wote wakiona. Yule wa kwanza akilalamika, anaulizwa, "Nani alisikia?" Hakuna.

Kwa hiyo mwaka 1563 maaskofu waliokutana Trento waliamua kwamba kuanzia hapo, neno hilo litolewe mbele ya padre wa parokia na mashahidi wawili au watatu, la sivyo halitahesabiwa ndoa. Sababu waliyoitaja ni hiyo hiyo: wanaume waliowaacha wake wa siri na kuoa wengine hadharani.

Mimi niliposoma hayo nilimkumbuka yule dada kwenye matanga. Karne zaidi ya nne zimepita na swali ni lile lile.

Ona sasa. Siku zote nimehubiri kana kwamba kufunga ndoa kanisani ni sheria ya kumridhisha Mungu na wazee wa kanisa. Sikuwahi kuona kwamba mashahidi wamewekwa kwa ajili ya yule aliye dhaifu. Malaki 2:14 inamwonyesha Bwana akisimama kama shahidi kati ya mwanamume na mke wa ujana wake, na anasimama upande wa aliyetendwa vibaya. Mungu mwenyewe amechukua kazi ya kuwa shahidi. Wewe unayesema "Mungu anajua moyo wangu", ni kweli anaujua. Lakini mama yake marehemu haujui. Karani wa ofisi ya chifu haujui. Na mtoto wako siku moja atauliza.

Hata serikali imefika hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Njoo-tukae haimo. Kuna ile wanasheria wanaiita dhana ya ndoa, ambapo korti inaweza kuwahesabu watu waliokaa pamoja miaka mingi kuwa mume na mke. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema hiyo itumike kwa nadra na kwa masharti makali, na anayedai ndoa ndiye wa kuthibitisha. Dada, usijenge maisha yako juu ya kitu ambacho utakuja kukithibitisha kortini ukiwa umefiwa.

"Tunajaribu kwanza"

Wengine hawana shida ya pesa. Wanasema wanataka kujuana kwanza. Mimi nilisoma biashara chuoni, na naelewa fikira hii. Bidhaa mpya unaionja dukani kabla ya kununua. Mfanyakazi mpya anawekwa kwenye kipindi cha majaribio. Kwa nini nisimpime mtu nitakayekaa naye miaka hamsini?

Papa Yohane Paulo wa Pili aliijibu hoja hii mwaka 1981, katika barua yake kuhusu familia iitwayo Familiaris Consortio. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba binadamu si kitu cha kufanyiwa majaribio. Heshima yake inadai apendwe bila kuwekewa muda wala masharti. Katekisimu yao ya mwaka 1992 inashikilia hivyo hivyo.

Naongeza la kwangu. Mfanyakazi aliye kwenye majaribio hafanyi kama alivyo, anafanya kama mtu anayeogopa kufukuzwa. Nimewasikia akina dada ofisini kwangu wakisema, "Siwezi kumwambia ananikosea, asije akaniacha." Huyo hajajulikana bado. Amejificha. Na unachotaka kukipima ni kama mtu atabaki nawe wakati wa ugonjwa na njaa. Ahadi ya kubaki huwezi kuipima ukiwa umeacha mlango wazi wa kuondoka.

Pesa

Lakini wengi wanaokuja kwangu hawajaribu mtu. Wanasema, "Pasta, harusi ni pesa." Hapa sisi wahubiri tunatakiwa kunyamaza kidogo na kusikiliza.

Mwaka 2016 Papa Fransisko aliandika waraka unaoitwa Amoris Laetitia. Katika fungu la 294 anakubali kwamba katika nchi nyingine watu wengi wanaishi pamoja bila ndoa si kwa kuidharau tu, bali hasa kwa sababu kufunga ndoa kunaonekana ghali mno. Umaskini unawasukuma. Na hapo hapo anatupeleka kwa yule mwanamke Msamaria kisimani. Soma tena Yohana 4. Yesu anajua habari za wanaume watano, na anajua huyu wa sasa si mume wake. Halifichi, analisema waziwazi. Lakini ameanza kwa kumwomba maji. Ameongea naye kuhusu kiu yake kwanza. Na mwisho yule mwanamke anakimbilia mjini, hajakimbia aibu.

Mimi na yule dada nilianza kwa barua.

Hebu tujiulize nani ameifanya ndoa kuwa ghali. Biblia haikutaja hema, magari matano, mpiga picha wa angani, wala kamati ya harusi inayokaa miezi minne ikichangisha kwa simu. Luka 14:28 inatuambia mjenzi aketi kwanza ahesabu gharama. Nikihesabu kama mtu wa biashara, kinachohitajika ni watu wawili walio huru, mashahidi wawili, mchungaji mwenye leseni, na cheti. Mengine ni sherehe. Sherehe ni nzuri, lakini inaweza kungoja. Ndoa ndiyo haifai kungoja sherehe.

Na mahari? Waheshimuni wazazi, nendeni mkajitambulishe. Lakini wazee wetu wengi wanajua mahari hayaishi siku moja. Mzee mwenye busara hupokea kilichopo na kuwaachia vijana kibali chake.

Tusipotoshe

Kuna mambo mawili lazima niyaseme ili mtu asinielewe vibaya.

La kwanza: upole si kubadilisha neno. Yohane Paulo wa Pili alitofautisha jambo hili vizuri: mtu anaweza kwenda hatua kwa hatua kuelekea sheria ya Mungu, lakini sheria yenyewe haigawanywi vipande, hiki chako na kile changu. Fransisko akalirudia hilo. Sisi pia Waebrania 13:4 hatuifuti. Kukaa kama mume na mke bila ndoa ni dhambi, na kanisa hili litaendelea kusema hivyo.

La pili: si kila njoo-tukae inafaa kugeuzwa kuwa ndoa. Kama yuko na mke mwingine kijijini, au anakupiga, au unalazimishwa kwa sababu ya mimba, usije kwangu nikubariki. Njoo nikusaidie kutoka. Wakatoliki wanasema ridhaa iliyotolewa kwa nguvu au kwa hofu kubwa si ndoa, na hapo niko nao kabisa.

Tunapotofautiana nao ni kwingine. Sisi hatuihesabu ndoa kuwa sakramenti, na swali la waliotalikiwa tunalishughulikia tofauti. Hayo tuyaache leo. Nilichojifunza kwa mjomba wangu kinatosha kunirekebisha.

Jibu la Jumatano

Yule kijana alikuja. Nilimwambia, "Umeuliza harusi itaongeza nini. Upendo wako haitauongeza. Itaongeza masikio. Kutakuwa na watu waliokusikia ukisema huyu ni mke wangu, na siku usipoweza kusema tena, wao watasema." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia, "Pasta, sijawahi kumwambia hata yeye hayo maneno."

Sijui atafanya nini. Namwombea.

Kwa yule dada nilishaenda nikaomba msamaha. Alinisamehe, lakini hakurudi kuimba kwetu, na hiyo ni haki yake.

Nimezungumza na Mchungaji Kiongozi naye amekubali: wanaotaka kuweka mambo yao sawa waje ofisini, wote wawili, mume na mke, si dada peke yake. Tutachunguza, tutawafundisha, tutaongea na wazazi, na tutawafungisha ndoa baada ya ibada bila ada yoyote ya kanisa. Akina mama wameahidi chai na mandazi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Je, kanisani kwetu tumewahi kumwadhibu mmoja na kumwacha mwingine? Tutatengeneza vipi?
2. Ni gharama gani za harusi tunazowalazimisha vijana wetu sisi wazazi?
3. Ukifa leo, ni nani aliyekusikia ukimtaja mke au mume wako?

Ombi: Baba, wewe ni shahidi wa kweli. Wape wanaoogopa ujasiri wa kusema neno lao mbele ya watu. Utusamehe sisi wachungaji tulioandika barua kabla ya kuomba maji. Katika jina la Yesu. Amina.