Kumaliza Mwendo

Watu hukimbia kilometa 42 na mita 195 kwa sababu nyingi: huyu ataka afya, yule tuzo, mwingine sifa. Hatuzilaumu. Lakini ni ipi itakayomtegemeza mkimbiaji nguvu zikimwishia?

Mwaka 1968, mjini Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti. Tuzo ilikwisha kuchukuliwa na Mamo Wolde wa Ethiopia. Hata hivyo Akhwari alifika, wa mwisho, zaidi ya saa nzima baadaye, akichechemea. Alieleza kwamba nchi yake haikumtuma aanze mbio tu, bali azimalize.

Hapa kwetu Bukoba na Muleba twawajua wakimbiaji wa namna hiyo. Ukimwi, uliogunduliwa Kagera mwaka 1983, ulipowanyang'anya wana wao, mabibi wengi walianza tena, uzeeni, kulea wajukuu. Hawakupigiwa makofi.

Enyi wazazi mliochoka, nasi tumetumwa, tangu ubatizo wetu. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alifurahi kwamba ameumaliza mwendo. Hakusema amewatangulia wenzake. Mungu atujalie kufika, hata kwa kuchechemea.