Kura Yangu, Deni la Nani?

Katika nchi nyingi mwananchi humchagua mbunge, na mbunge ndiye apangaye kodi na matumizi. Katika jimbo la California, huko Marekani, mambo yamekwenda mbele zaidi. Tangu mwaka 1911 raia wenyewe wana haki ya kuandika pendekezo la sheria, kulikusanyia saini, na kulipeleka kwa wapiga kura bila ya kupitia bungeni. Hayo ni madaraka makubwa, na penye madaraka pana dhima. Swali ninalotaka tulitafakari, msomaji wangu, ni hili: mtu anapopiga kura juu ya fedha za wote, je, ni haki aamue kwa kutazama mfuko wake peke yake?

Kabla ya uchaguzi wa jimbo, wapiga kura hupelekewa kijitabu rasmi. Ndani yake kila pendekezo lina maelezo ya athari zake kwa fedha za umma, yanayotayarishwa na Ofisi ya Mchambuzi wa Bunge la jimbo, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1941 na isiyoegemea chama chochote. Nimepata kuvisoma vijitabu hivyo nyumbani kwa mpwa wangu, ambaye amekuwa raia wa huko. Nilimwuliza yeye huanzia wapi kusoma. Akanijibu, "Mjomba, mimi natazama kwanza habari ya fedha. Nikiona nitalipa mimi, nasema hapana. Nikiona atalipa mwingine, naendelea kusoma." Alisema kwa mzaha, lakini nadhani aliwasemea watu wengi, wala si wa California tu.

Tuchukue Pendekezo la 13 la mwaka 1978. Wakati ule bei za nyumba zilikuwa zikipanda mbio, na kodi ya nyumba ikapanda nazo. Mzee aliyestaafu, ambaye pato lake haliongezeki, alijikuta akidaiwa kodi kubwa kwa sababu tu nyumba za mtaani kwake zinauzwa ghali. Nyumba hailiwi, thamani yake ikipanda, anayeishi ndani haoni hata senti. Howard Jarvis na Paul Gann wakaleta dawa: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isiongezwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba itakapouzwa. Karibu asilimia 65 ya waliopiga kura walikubali. Mgala muue na haki umpe: malalamiko yao yalikuwa ya kweli, na hofu ya mzee kufukuzwa na kodi katika nyumba yake mwenyewe si jambo la kuchekwa.

Hata hivyo mzigo haukuyeyuka. Mapato ya kodi hiyo yalianguka kwa zaidi ya nusu, na serikali ya jimbo ikalazimika kuzibeba shule na serikali za mitaa. Tena, kwa kuwa thamani hupimwa upya nyumba inapouzwa, mgeni katika mtaa akawa analipa zaidi ya mwenyeji. Mwanamke mmoja aliyenunua nyumba Los Angeles mwaka 1988 aligundua kuwa analipa karibu mara tano ya majirani wenye nyumba kama yake. Akaenda mahakamani, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1992 majaji wanane dhidi ya mmoja waliamua kwamba utaratibu huo hauvunji Katiba. Sibishani nao katika sheria. Lakini jambo laweza kuwa halali na bado lisiwe la haki. Wapiga kura wa 1978 walijikinga, na sehemu ya gharama ya kinga hiyo wakawaandikia watu ambao hawakuwapo kusema neno: vijana, wahamiaji, na watoto ambao hawajazaliwa.

Mikopo nayo ina mtihani wake. Mwaka 2008 wapiga kura waliidhinisha Pendekezo la 1A, ili jimbo likope dola bilioni 9.95 kwa ajili ya treni ya mwendo wa kasi. Kijitabu hakikuwaficha: pamoja na riba, deni lingefika kiasi cha dola bilioni 19.4 kwa miaka 30. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa walioshangilia harusi ni wengine, na watakaolipa matanga ni wengine.

Sisemi kwamba kila deni ni dhuluma. Daraja litakalovukwa kwa miaka 50 si lazima lilipiwe lote na watu wa leo. Mtoto akirithi deni pamoja na daraja, hana la kulalamika. Udhalimu huanza pale anaporithi deni bila daraja, au mmoja anapopewa kivuli na mwenzake akapewa kazi ya kumwagilia mti.

Wako watakaosema kwamba kila mtu ajitetee mwenyewe, na jumla ya kura itatoa haki. Hoja hiyo ina nguvu ikiwa wote watakaolipa wamo katika kupiga kura. Katika mambo ya fedha za umma hawamo. Aliye na umri wa miaka 10 hana kura, naye ndiye atakayekuwa mlipa kodi deni litakapoiva. Asiye na msemaji hawezi kutetewa ila na dhamiri ya yule mwenye kura.

Kijitabu kile kinamweleza mpiga kura ni kiasi gani kitalipwa. Hakiwezi kumlazimisha aulize ni nani atakayelipa, na kama mlipaji huyo atapata chochote. Hayo ni maswali ya moyo, na kila mmoja huyajibu peke yake akiwa na karatasi ya kura mkononi. Naamini kura ya haki ni ile ambayo mtu angekuwa tayari kuieleza, bila ya kuona haya, mbele ya yule atakayeilipia.